Bahari Iliyoanikiwa Maharage

Kila ninayekutana naye tangu nirudi Tanga ananiuliza swali moja: picha ilifika? Nikijibu kwamba ilifika, anaridhika. Nikiongeza kwamba ilifika lakini haikuwa kama ilivyotoka hapa, anavuta kiti. Nimeshasimulia vipande vipande hadi mwingine kasikia habari ya turubai, mwingine ya Holili, na juzi nimeambiwa sokoni kwamba picha yangu ililiwa na mbuzi. Haikuliwa na mbuzi. Nimekaa sasa niandike yote tangu mwanzo, nami nipumzike kusimulia.

Picha yenyewe mnaijua. Mliiona ikiwa imeegemezwa ukuta wa uani kwangu, na wengi wenu hamkunificha kwamba mlipenda zaidi kazi zangu za zamani, zile za ngalawa na minazi. Sikatai, zilipendeza. Lakini mwaka hadi mwaka nilijikuta ninaondoa vitu. Niliondoa watu, nikaondoa vyombo, mwisho nikauondoa hata ule mstari unaotenga maji na mbingu. Zikabaki rangi, mchanga niliouchanganya na rangi, na mikwaruzo ya mwiko. Nilitaka mtu akisimama mbele ya picha asikimbilie kusema hii ni bahari, bali ahisi kile anachohisi akiwa amesimama ufukweni. Kama nilifanikiwa au la, sikuwa na hakika, na shaka hiyo nilisafiri nayo.

Aliyeniagiza ni Mama Hansa, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Moshi. Mumewe, Mzee Ratilal, alizaliwa hapa Tanga, akaondoka akiwa kijana, akaoa na kuzeekea Moshi. Mwaka huu kiharusi kilimlaza kitandani. Kabla maneno hayajampotea alimwambia mkewe anataka bahari. Mama Hansa alishaona kazi zangu kwa jamaa zake walioko huku, akanipigia simu. Alisema mzee hataki kutazama mashua za watu wengine; anataka maji. Sijapata kupewa agizo lililonifurahisha kama hilo. Nilimchorea bamvua, siku maji yanapojaa mpaka yanapiga ukuta wa barabara ya pwani. Chini nilipaka rangi ya mchanga mbichi, juu yake tabaka baada ya tabaka za buluu nzito inayokaribia weusi.

Machungwa ya Muheza

Niliitoa picha kwenye fremu, nikaizungusha kwenye bomba la plastiki la maji, nikaifunga kwa salfeti na kamba ya katani. Konda wa basi aliniuliza ndani kuna nini. Nikamjibu turubai, kwa sababu ndivyo sisi wachoraji wa hapa tunavyokiita kitambaa cha kuchorea. Neno hilo moja ndilo lililonizungusha Kilimanjaro.

Mpaka Mombo hakukuwa na neno. Tulipokaribia Same, mkanda wa injini ukakatika. Sanduku la vifaa lilikuwa chini ya mizigo yote, kwa hiyo mizigo ikateremshwa na kupangwa kando ya barabara, nasi tukakaa juu yake, upepo wa Same ukitupiga vumbi usoni. Aliyekaa karibu nami alikuwa mama mmoja mnene, mwenye sauti nzito na kitenge cha kijani. Alikuwa na mfuko wa machungwa ya Muheza. Alinimenyea moja bila kuniuliza, ganda likatoka lote bila kukatika, akanipa.

Aliniuliza ninafanya kazi gani. Nikasema ninachora. Akaitazama mikono yangu, akataka kujua kama maharusi wa siku hizi wanapenda zaidi piko au hina. Ningeweza kumsahihisha. Lakini nimechoka kuwaeleza watu nisiowajua kwamba nachora bahari isiyoonekana, na jua lilikuwa kali. Nikasema wanapenda piko. Basi tukazungumza harusi mpaka mkanda mpya ulipoletwa na bodaboda. Niliambiwa habari za binti yake aliyeolewa Tanga na kujifungua juzi, na kwamba yeye mwenyewe anafanya biashara mpakani, alikwenda kumwona mjukuu na hapo hapo akafunga mzigo. Sikumwuliza mpaka gani. Wala jina sikumwuliza.

Mkanda ulipofungwa, mizigo ikarudishwa ndani kwa haraka, kila abiria akishika kilicho karibu naye. Himo yule mama aliniamsha kuniaga, akaniachia machungwa mawili. Niliona kupitia dirisha konda akimteremshia maboksi yake na marobota yake marefu ya salfeti. Nikampungia mkono, na picha yangu ikiwa mle.

Rangi nzuri

Moshi konda alinipa robota la salfeti lililobaki, nikapokewa na dereva wa Mama Hansa, Valeriani, mtu wa Rombo, mpole, mwenye kucheka kwa mabega. Mlima haukuonekana, wingu lilikuwa limeufunika mpaka chini. Nyumba ya Mama Hansa iko ghorofani juu ya duka. Mwenyewe alinipokea mlangoni, mwanamke mfupi wa miaka sabini hivi, nywele amezifunga kisogoni. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akanishika mkono na kunipeleka moja kwa moja kwenye chai ya tangawizi na chapati nyembamba kama karatasi. Kiswahili chake ni cha watu wa Moshi kabisa, na aliponiuliza habari za nyumbani aliniuliza hasa, mpaka za majirani.

Alitaka kuiona picha yeye kwanza, sebuleni, kabla mzee hajaamka. Nikaona nimwandae. Nilisimama mbele yake, nikamwambia asitegemee kuona mawimbi wala samaki, kwamba picha za namna hii zinataka subira, aanze na rangi tu, ayaache macho yatulie. Nilisema mengi, kama ninavyofanya ninapoogopa. Nikiwa bado naongea, Valeriani alikuwa nyuma yangu anakata kamba na kukunjua. Mimi nilikuwa naangalia uso wa Mama Hansa. Alitazama kwa muda mrefu, kwa makini, kichwa amekiinamisha kidogo.

"Rangi nzuri," akasema taratibu. Kisha akauliza, "Na haya matundu ya pembeni ni ya kutundikia?"

Nikageuka. Sakafuni palikuwa na turubai la kijani, jipya, la kufunikia mizigo, lenye matundu ya chuma pembezoni na harufu ya plastiki.

Valeriani alitoka nje, nikamsikia akicheka kwenye ngazi. Miye nikakaa juu ya lile turubai. Nilipoeleza kilichotokea, Mama Hansa hakucheka wala hakukasirika. Alisema tu kwamba alidhani labda yeye ndiye hajui, na hakutaka kunivunja moyo. Nililifikiria jambo hilo siku zote zilizofuata. Mtu alikuwa tayari kuning'iniza turubai la kufunikia mizigo mbele ya mume wake mgonjwa, kwa heshima tu ya maneno niliyotangulia kuyasema.

Kisha akanipeleka chumbani. Walikuwa wameshahamisha kabati ili ukuta uwe wazi, na misumari ilikuwa imepigwa tayari. Mzee Ratilal alikuwa ameamka. Mwili wake mrefu ulikuwa umelala ubavu mmoja, na macho yalikuwa yanauangalia ukuta mtupu bila kubanduka. Mama Hansa alinieleza kwa sauti ya chini kwamba kwanza kilimpotea Kiswahili, kisha Kigujarati kikachanganyika, na sasa anatoa sauti tu ambazo hata yeye hazielewi. Daktari alikuwa amemwambia jambo ambalo hakutaka kulirudia.

"Chukua gari, nenda na Valeriani," akasema. "Usichelewe, binti."

Mpaka ambao sio

Mama mwenye biashara ya mpakani kashuka Himo: mimi na Valeriani wote tuliona ni Holili, maana ndiyo karibu. Asubuhi tukaondoka na turubai la kijani nyuma, pamoja na mabomba ya wateja wa Mama Hansa huko Rombo, kwa kuwa gari la duka halitembei tupu.

Holili malori yalikuwa yamepanga foleni kama kawaida yake. Nilianza kuuliza watu kama wanamjua mama mnene anayeuza maturubai. Nikaelekezwa kwa mama mmoja aliyekuwa mwembamba kama fito, aliyeuza mitumba. Nikaelekezwa kwa mwingine aliyeuza maturubai kweli, akanitolea ya bluu, ya kijani na ya rangi ya machungwa, na nilipomwambia kwamba ninalo tayari na ninamtafuta mwenyewe nimrudishie, akanitazama kama anayejiuliza nimeugua lini.

Aliyenichosha zaidi ni bwana mmoja anayeishi kwa kuvusha mizigo ya watu. Alikuwa ameshaamua kwamba nina kitu ninachotaka kupitisha. Nilimwambia natafuta picha. Akauliza picha ya nani. Nikasema ya bahari. Akatikisa kichwa kwa huruma, akanihakikishia kwamba yeye ni mtu wa kuaminika na sina haja ya kumficha. Alitufuata mpaka kwenye mgahawa, akaketi meza ya pili, akisubiri niseme ukweli.

Mwenye mgahawa ndiye aliyetuokoa. Alituletea mtori, ndizi zimepondwa laini na nyama ndani yake, na mimi niliyekuwa nimeshindwa kula tangu jana nikamaliza bakuli na kuomba jingine. Alipoona njaa yangu akauliza nimetoka wapi, nikamsimulia yote, pamoja na machungwa. Akacheka. Alisema wanawake wanaofuata mzigo Tanga ni wa Tarakea, wa Holili hawahangaiki kwenda huko. Tulikuwa tumekosea mpaka.

Kwa mama yake Valeriani

Tukarudi Himo, tukapanda. Marangu, Mwika, kisha njia inauzunguka mlima kwenda Rombo, migomba na kahawa pande zote mbili, nyumba zimejificha ndani yake hata unaona bati tu na moshi. Mvua ikaanza. Mteja wa mabomba hakuwepo kwake; alikuwa msibani, na funguo za ghala alikuwa nazo yeye. Tulimsubiri barazani mpaka niliposikia baridi imeingia mifupani. Alipokuja, jioni ilikuwa imeshafika, na Valeriani akasema Tarakea tutakwenda kesho, tulale kwa mama yake.

Mama yake ni mjane, mrefu, mwenye rozari shingoni na mikono ya mtu aliyelima kahawa maisha yote. Nilipompa shikamoo alinishika mashavu kwanza, akasema kitu kwa Kichagga, na Valeriani akanitafsiria kuwa nimepoa kama jiwe la mtoni. Nilifunikwa blanketi, nikawekwa karibu na moto. Akaniletea mbege, pombe ya ndizi, kwa heshima zote. Nikamwambia kwamba mimi ni Mwislamu, situmii. Akaelewa kwamba naumwa tumbo, akaondoka, akarudi na mbege iliyopashwa moto. Ilibidi Valeriani aingilie. Basi yule mama akaona aibu, nami nikaona aibu kwa aibu yake, mpaka alipoleta maziwa na kiburu, ndizi na maharage yaliyosongwa pamoja, tukala wote tukasahau.

Aliniuliza kazi yangu. Safari hii sikukwepa, nikasema nachora bahari. Yeye akasema maji makubwa aliyowahi kuyaona ni Chala, ziwa lililo shimoni kule chini. Alipokuwa msichana alikwenda na wenzake, akasimama ukingoni, na mpaka leo hawezi kueleza rangi yake. Akauliza kama bahari ina rangi ile. Nikamwambia ina rangi nyingi, na kwamba hata mimi siwezi kuzieleza, ndiyo maana nachora. Akaitikia kwa kichwa, akanipakulia tena.

Asubuhi nilitoka uani nikakuta mvua imekwisha. Upande wa Kenya, chini kabisa, mawingu yalikuwa yametanda kutoka ukingo hadi ukingo, meupe, yenye mikunjo, na vilima vichache vimejitokeza kama visiwa. Nilijikataza kusema ile ni bahari. Haikuwa na sauti wala chumvi, na haikuja wala kurudi. Lakini kifuani nilisikia kile kile ninachokisikia nikisimama ufukweni, kupungua kidogo kwa ukubwa wangu, na nikafikiri kwamba labda hicho ndicho nilichokuwa nakichora miaka yote, na maji yalikuwa njia tu ya kukifikia. Valeriani alipiga honi, nikamuaga mama yake.

Tarakea

Ilikuwa siku ya soko. Hatukuuliza sana, nilipotaja mama mnene mwenye binti Tanga, mtu wa tatu alitupeleka mpaka nyumbani kwake. Anaitwa Mama Priska. Tulimkuta uani ameinama, ana ungo mkononi, anapepeta maharage. Alinitambua mara moja, akafurahi, akamwita jirani aje amwone yule dada wa Tanga anayechora maharusi.

Nilikuwa nimeiona picha.

Ilikuwa imetandazwa juani, katikati ya ua, rangi ikiwa juu, imefunikwa na maharage kutoka pembe hadi pembe. Kuku wawili walikuwa wanatembea juu yake. Buluu ilionekana pembezoni tu.

Nikamwambia kile ni changu. Uso wake ukabadilika. Alidhani nimetumwa na muuza maturubai wa Tanga, na hapo akanigeukia kwa hasira ambayo alikuwa ameilimbikiza tangu alipofungua robota. Alinunua maturubai mapya, akapewa moja kuukuu, zito, lisilo na matundu, lililotapakaa rangi. Alijua kabisa lilikotoka: ni kitambaa cha mafundi wa kupaka nyumba, wanachotandika sakafuni rangi isidondoke. Alimpigia muuzaji simu, muuzaji akakana. Sasa angefanya nini, maharage yalikuwa mabichi, akayaanika juu yake.

Valeriani alikwenda kwenye gari, akarudi na turubai la kijani, akaliweka miguuni pake bila kusema neno. Mama Priska akalitazama, akanitazama mimi, akalitazama lile lililokuwa chini ya maharage.

"Kwa hiyo hii ni nini?" akauliza.

"Ni picha. Niliichora mimi. Ni bahari."

Kisha akaita watu wa nyumbani kwake, wote tukapiga magoti kuizunguka picha, tukaanza kuzoa maharage kwa viganja na kuyatia kwenye debe. Kadiri yalivyokuwa yanaondoka ndivyo nilivyoona kilichotokea. Vumbi la maganda lilikuwa limejaa kwenye mikwaruzo. Picha ilipokunjwa na kukanyagwa, tabaka za buluu zilikuwa zimepasuka katikati na kubanduka, kipande kikubwa, na rangi ya mchanga ya chini ikatokeza, imejikunja kutoka upande mmoja hadi mwingine. Bamvua yangu haikuwepo tena. Nilikaa juu ya visigino vyangu nikalia, mbele ya watu, nikiwa nimeshika maharage mkononi.

Mama Priska alikuja kukaa karibu nami. Alisema hajawahi kufika ufukweni. Kila akienda Tanga anaishia dukani na kwa binti yake. Akauliza juu ni wapi na chini ni wapi. Nikamwonyesha. Akainamisha kichwa, akaangalia, akasema kama ningemwambia ukweli siku ile njiani asingeianikia. Nikamwambia hilo nalijua.

"Sasa ni bahari bado, au imeharibika?" akauliza.

Nikajifuta machozi, nikainuka kutafuta simu.

Nilimpigia Mama Hansa. Nilimweleza hali ilivyo, nikamwomba nirudi Tanga nayo niipake upya, nitaileta ikiwa kamili. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alisema mzee hakulala, na tangu asubuhi hataki kula, anatazama ukuta tu. Nikaanza kueleza tena juu ya tabaka na rangi. Akanikatiza kwa upole. Alisema niilete ilivyo.

Mama Priska alituletea nguo safi na maji, tukaifuta picha taratibu, yeye akishika upande mmoja. Kwa mkono wake alitoa vipande vya maganda kwenye mikwaruzo, akitumia kucha. Alipoona tunaikunja alitaka kujua inakwenda kwa nani, nikamwambia. Akaingia ndani, akatoka na mfuko wa yale maharage, kwa ajili ya mgonjwa.

Ukuta

Tuliteremka bila kusimama popote. Karibu na Marangu niliwaza nimwombe Valeriani asimame nichukue rangi mkobani, nizibe japo lile pengo la katikati. Nilikuwa na buluu kidogo. Lakini rangi mbichi ingegandana. Njia nzima nilikuwa natunga maneno ya kumwandaa mzee, kisha nikakumbuka maneno yaliyonitoka sebuleni mbele ya turubai la kijani, nikayaacha yote.

Tulipofika, Mama Hansa hakuomba kuiona kwanza. Valeriani alipanda kwenye kiti upande mmoja, mimi upande mwingine, tukaining'iniza kwenye ile misumari, tukashuka, tukajitenga. Jua la alasiri lilikuwa linaingia kwa dirisha la pembeni. Mzee Ratilal hakusogea. Macho yake yalikuwa pale pale yalipokuwa siku zote, ila sasa mbele yake palikuwa na kitu.

Ikapita muda. Nilisikia watu wa dukani chini wakikata bomba. Mama Hansa alikuwa amesimama kando ya kitanda, mkono wake begani kwa mumewe, na wala hakuitazama picha, alimtazama yeye. Midomo ya mzee ikaanza kutembea. Sauti ya kwanza haikuwa kitu. Ya pili ilikuwa ndefu zaidi, akairudia, kwa kujitahidi.

"Anasema amekupa," Mama Hansa akaniambia, akakunja uso. "Amekupa nini?" Akamwinamia, akamwuliza kwa Kigujarati, kisha kwa Kiswahili. Mzee akarudia lile lile. Mama Hansa akanigeukia, macho yamejaa machozi, akasema ndivyo anavyofanya siku hizi, anatoa maneno yasiyokuwepo.

Lakini mimi nilikuwa nimelisikia.

"Neno lipo, Mama," nikasema. "Anasema yamekupwa. Maji yamekupwa."

Hakulijua. Alizaliwa Moshi, baharini alifika mara chache, tena kama mgeni. Nikamweleza kwamba kwetu maji yanajaa na yanakupwa, na yakikupwa yanakwenda mbali, yanaacha mchanga wazi, unaweza kutembea pale ambapo asubuhi ungezama. Watoto wa Tanga wote wanakwenda huko, kuokota kome na kuchezea vidimbwi. Nikamwonyesha lile pengo la katikati, mahali ambapo buluu ilibanduka. Mimi niliyaona ni maharibiko. Mzee aliuona mchanga.

Mama Hansa akaitazama picha kwa mara ya kwanza. Sijui aliona nini na sikumwuliza. Alikaa kitandani, akaushika mkono wa mumewe ule usiokufa ganzi.

Mzee alikuwa anamtazama yeye sasa, si ukuta. Akasema maneno mengine mawili, na haya hayakuhitaji mimi niyafasiri, yalitoka wazi kuliko yote.

"Vua viatu."

Mama Hansa alitazama miguu yake. Mle ndani hakuna anayevaa viatu, na alikuwa peku tangu asubuhi. Kwa sekunde moja nilidhani atamsahihisha. Akaipandisha miguu kitandani, akajisogeza mpaka akawa ubavuni mwake, bega kwa bega, wote wawili wanaangalia upande mmoja.

"Nimeshavua," akamwambia. "Twende."

Nilimgusa Valeriani mkono, tukatoka, nikawafungia mlango.